Chimba Mche Kwanza: Kutambua na Kudhibiti Uozo wa Mizizi ya Maharagwe

Maharagwe yakianza kugeuka njano wiki ya tatu tangu yaote, wengi wetu hukimbilia duka la pembejeo. Mwenye duka anauliza, "Majani yakoje?" Unamwambia ya njano. Anakupa pakiti, unarudi, unabeba bomba mgongoni, unanyunyiza. Mimi nilifanya hivyo mara tatu ndani ya msimu mmoja wa Machi, kwenye nusu ekari huku chini ya Mlima Masaba (Elgon), na mara zote tatu maharagwe yaliendelea kufa kana kwamba nimeyanyunyizia maji ya kisima. Ugonjwa haukuwa kwenye majani. Ulikuwa chini, na mimi sikuwa nimeng'oa hata mche mmoja.

Mwongozo huu ni wa mkulima wa maharagwe makavu Uganda, uwe unayaita ebijanjaalo kule Masaka au ebihimba kule Kabale. Dawa ina sehemu ndogo humu. Kazi kubwa ni ya udongo.

Hatua ya 1: Chimba, usivute

Kagua shamba wiki mbili hadi tatu baada ya maharagwe kuota, kisha urudie yakianza kutoa maua. Chukua jembe dogo au panga, beseni la maji na wembe.

Usivute mche kwa mkono. Mzizi uliooza hukatika na kubaki ardhini, nawe unabaki na kishina kisafi mkononi, unaamua kwamba mizizi haina neno. Chimba kuzunguka mche, kina cha shubiri moja hivi, uutoe pamoja na bonge lake la udongo. Uloweke kwenye beseni, utikise taratibu. Ukiupiga piga gotini kama tunavyozoea, mizizi midogo inayobeba habari yote itakatika.

Tembea shambani kwa mwendo wa kona kona, usimame mahali kama patano. Kila mahali chimba miche mitatu: mmoja unaokufa, mmoja ulioanza kugeuka njano, mmoja ambao bado ni kijani. Mche uliokwisha kufa ni shahidi mbaya, kwa sababu ukishakufa kila aina ya kuvu na wadudu huingia kula mzoga, na hutajua nani alianza. Huo wa njano ndio utakaokuambia mengi. Na huo wa kijani usiupuuze. Mara nyingi unakuta nao mizizi imeanza kubadilika rangi, na hapo unajua tatizo ni kubwa kuliko macho yanavyoona.

Kabla hujaondoka, tazama shamba zima lilivyo. Uozo wa mizizi huja kwa mabaka: kona ya chini ambako maji hukusanyika, mstari unaofuata mkondo wa mvua, au sehemu uliyolima maharagwe misimu mingi bila kupumzisha. Shamba zima likiwa njano kwa kiasi kile kile, kuanzia majani ya chini, na mizizi ni meupe, huenda ni udongo uliochoka tu. Chora ramani ndogo kwenye daftari uweke alama mabaka yalipo. Utaihitaji msimu ujao, na kumbukumbu ya kichwa hudanganya.

Hatua ya 2: Soma mizizi

Mzizi mzima wa maharagwe ni mweupe au wa rangi ya maziwa, wenye vinyweleo vingi, na vinundu vya mviringo vilivyoshikilia kandokando. Pasua kinundu kwa ukucha: ndani kikiwa chekundu au cha waridi, kinafanya kazi ya kutengeneza mbolea. Vinundu hivyo hubanduka kwa urahisi. Ukikuta uvimbe ambao haubanduki, mzizi wenyewe umefura kama kidole kilichojeruhiwa, hao ni minyoo fundo wa udongoni, tatizo jingine, ingawa vidonda vyao huwafungulia mlango kuvu wa uozo.

Sasa ugonjwa wenyewe. Uozo wa mizizi ni jina moja kwa kazi ya vimelea kadhaa, na mara nyingi wawili au watatu huvamia mche mmoja. Lakini kila mmoja ana sahihi yake.

*Pythium* ndiye mwenye sifa mbaya zaidi kwenye nyanda za juu zenye baridi na mvua, kama Kabale, ambako mji wenyewe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Huanza mapema. Mbegu huoza kabla ya kutokeza, au mche hutokeza kisha ukalala chini kana kwamba umemwagiwa maji ya moto. Kwenye shina pale linapoingia udongoni utaona sehemu iliyolowa, laini, inayogeuka kahawia; ukiuminya mzizi kwa vidole, ngozi ya nje inavuka kama soksi na kuacha uzi wa ndani. Anapenda maji yaliyotuama, kwa kuwa mbegu zake huogelea ndani ya maji ya udongoni kutoka mzizi hadi mzizi. Huyu ndiye aliyetikisa maharagwe ya kusini magharibi mwa Uganda, Rwanda na magharibi mwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990, mahali ambapo vishamba vilikuwa vimegawanywa na kugawanywa tena, na maharagwe yakafuata maharagwe bila pumziko.

*Sclerotium rolfsii* ni mtu wa joto na unyevu, na huku mashariki pamoja na ukanda unaozunguka Ziwa Nyanza (Victoria) tunamwona sana. Kumtambua hakuhitaji maabara. Mche unanyauka ghafla ukiwa bado na majani ya kijani. Fukua kidogo shingo ya shina: utaona utando mweupe kama pamba, umetanda juu ya shina na hata juu ya udongo, na ndani yake punje ndogo za mviringo, nyeupe zikiwa changa, kahawia zikikomaa, ukubwa wa mbegu ya haradali. Tazama punje hizo vizuri. Kila moja ni mbegu ya ugonjwa, na inaweza kukaa udongoni miaka kadhaa ikisubiri. Angalia asubuhi kukiwa na umande. Mchana wa jua kali utando hujificha.

*Fusarium* ni wa polepole. Huacha michirizi myekundu, baadaye kahawia, inayoteremka na mzizi mkuu, kisha mzizi hupasuka kwa urefu na kuwa mkavu, wenye uwazi ndani. Mara nyingi mche haufi. Unadumaa, unatoa mizizi mipya juu ya ile iliyooza, karibu kabisa na uso wa udongo, unajikokota hadi kutoa vitumba viwili vitatu. Hiyo mizizi mipya ikumbuke, tutaitumia hatua ya 4. Pasua pia shina kwa wembe: mishipa ya ndani ikiwa na rangi ya kahawia kuelekea juu, huyo ni ndugu yake wa mnyauko.

*Rhizoctonia* huacha kidonda kilichobonyea, chekundu cha kahawia, chenye mpaka unaoonekana wazi, kwenye shina chini kidogo ya udongo. Kidonda kikizunguka shina, mche huvunjika hapo.

Na kama mvua zilikatika, udongo ukapata moto, ukaona shina limekuwa la kijivu kama majivu lenye vitone vyeusi vidogo mno, hiyo ni *Macrophomina*. Ni ugonjwa wa ukame; kuchimba mitaro hakutasaidia kitu.

Hatua ya 3: Mwondoe inzi kwenye mashtaka

Kabla hujatoa hukumu, chubua ganda la shina juu kidogo ya udongo. Inzi wa maharagwe ni mdogo, mweusi, hutaga mayai kwenye majani machanga. Funza wake hushuka ndani ya shina hadi chini na kutulia hapo. Shina huvimba, hupasuka kwa urefu, mche hugeuka njano na kufa ndani ya wiki hizo hizo mbili tatu za mwanzo. Mkulima akiangalia kwa mbali ataapa ni uozo wa mizizi. Ukichubua utakuta funza au vifuko vya kahawia au vyeusi, vidogo kuliko punje ya mchele. Huwa vingi zaidi kwa waliochelewa kupanda.

Naweka hatua hii peke yake kwa sababu inagusa mfuko. Dawa ya ukungu haiui funza, na dawa ya wadudu haizuii *Pythium*. Ukiona vyote viwili katika mche mmoja, jambo la kawaida sana, basi tibu vyote viwili msimu ujao kuanzia kwenye mbegu.

Hatua ya 4: Cha kufanya msimu huu

Nianze na lisilopendeza: mzizi uliokwisha kuoza hauponi. Hakuna dawa ya kunyunyiza juu ya majani itakayoshuka kuurudisha. Kinachowezekana ni kuusaidia mche utoe mizizi mipya, na kuzuia ugonjwa usitembee.

Kwanza toa maji. Chimba mtaro mwembamba kuzunguka baka lenye ugonjwa, uelekeze maji nje ya shamba, wala si kwenye maharagwe ya jirani.

Pili, pandishia udongo kwenye mashina. Kumbuka ile mizizi mipya inayotoka juu ya iliyooza: ikikuta udongo wenye unyevu hushika, ikikuta hewa hukauka. Pandishia udongo wakati wa palizi ya kwanza, kabla ya maua, bila kuchimba karibu na shina, maana kila mzizi unaoukata kwa jembe ni kidonda kipya. Kwa *Fusarium* na *Pythium* njia hii imenisaidia kuokoa miche iliyokuwa imedumaa tu. Lakini kama ulichoona ni ule utando wa pamba wa *Sclerotium*, usipandishie. Ukilifukia shina, unampa kuvu huyo chakula zaidi.

Kwa *Sclerotium*, chimba mche mzima pamoja na udongo unaouzunguka, upana wa kiganja, utie moja kwa moja kwenye gunia au karai na kuuchoma mbali na shamba. Usiutupe kando ya njia. Usiutupe kwenye mgomba.

Kama zaidi ya nusu ya miche imekufa kabla ya wiki ya tatu, binafsi siwezi kuziba mapengo kwa mbegu mpya ya maharagwe kwenye mashimo yale yale. Ni kuwaandalia vimelea chakula cha pili. Weka mahindi, kama mvua bado zipo.

Hatua ya 5: Usiubebe ugonjwa nyumbani, wala usiurudishe

Hapa ndipo tunapojiua wenyewe. Fikiria tunavyovuna: tunang'oa maharagwe na mizizi yake na udongo wake, tunayabeba kichwani au kwenye baiskeli hadi uani, tunayapiga kwa fimbo juu ya ardhi tupu, tunapepeta, kisha makapi yote, mizizi iliyooza ikiwamo, tunayarudisha kutandaza chini ya migomba. Na chini ya migomba hiyo, msimu unaofuata, tunapanda maharagwe. Mbegu nayo imejaa vumbi la uani. Tumewasafirisha vimelea kwenda na kurudi, bila nauli.

Katika sehemu zenye mabaka yaliyo kwenye ramani yako, vuna mwisho, ng'oa na kuchoma mizizi. Sehemu ya shamba isiyo na ugonjwa, kata mashina kwa kisu au panga na kuiacha mizizi na vinundu vyake ardhini irutubishe udongo. Pura juu ya turubai. Makapi makavu ya sehemu hiyo isiyo na ugonjwa wape ng'ombe au yaingize kwenye biwi la mboji linalopata moto kweli, unaloligeuza, siyo lundo baridi la nyuma ya choo. Huku mashariki akina mama wa zamani walikuwa wakichoma makapi ya maharagwe kupata majivu ya kulainishia mboga, na sidhani walikuwa wakifikiria kuvu, lakini makapi yao hayakurudi shambani na ugonjwa.

Siku za palizi anza kazi upande mzima umalizie upande mgonjwa. Kisha osha jembe na gumbuti kabla ya kwenda shamba jingine. Ukikodi vibarua, waambie hivyo hivyo.

Hatua ya 6: Tengeneza udongo kabla ya mvua

Chimba shimo la kina cha jembe moja, karibu sentimita 30, ulijaze maji jioni. Maji yakiwa bado yapo asubuhi, maharagwe yako yataoga humo msimu mzima. Kisha chukua kipande cha nondo chembamba uchome ardhi yenye unyevu. Mara nyingi kinaingia laini hadi shubiri moja, kisha kinagoma. Hilo ni tabaka gumu lililotengenezwa na jembe letu wenyewe, linalolima kina kile kile mwaka baada ya mwaka. Mizizi haipiti hapo, na maji hayapiti.

Livunje kwa jembe la meno au sururu, hata ikiwa ni mistari ya kupandia peke yake. Sehemu za bondeni panda juu ya matuta. Mlimani, hakikisha makinga maji hayamwagi maji kwenye shamba la chini. Kulima kwa kina pia huzifukia zile punje za *Sclerotium*, na zikiwa chini sana hupungua nguvu. Ila ukizifukia msimu huu usizifukue msimu ujao.

Samadi iliyooza vizuri au mboji ndiyo dawa ninayoiamini kuliko ya dukani. Hulegeza udongo, na hulisha viumbe vinavyogombana na kuvu wa uozo. Iwe imeoza kabisa. Majani mabichi ya kurutubisha udongo, kama ya mti wa kaliandra, yafukie angalau wiki mbili hadi tatu kabla ya kupanda, maana *Pythium* hupenda sana kitu kibichi kinachoanza kuoza. Wengi hufukia leo na kupanda kesho, kisha hulaumu mbegu.

Mzunguko wa mazao: baada ya maharagwe usiweke njegere, soya wala njugu. Weka nafaka, mahindi, mtama au wimbi, na kama baka lilikuwa na *Sclerotium* epuka pia nyanya na alizeti, kwa sababu yeye hula karibu kila kitu chenye jani pana. Misimu miwili ni kidogo, minne ni bora. Najua mwenye robo ekari atacheka akisoma hivi. Basi angalau lipumzishe baka, siyo shamba zima. Ndiyo sababu tulichora ramani.

Hatua ya 7: Aina na mbegu

Maharagwe mekundu yenye madoa ambayo masoko yetu huyaita Nambale, K20 ya tangu miaka ya 1960 na K132 iliyotolewa 1994, yanauzika vizuri lakini mizizi yake ni dhaifu mbele ya uozo. NABE 14, iliyotolewa na NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, mwaka 2006, ilichaguliwa kwa kuvumilia uozo wa mizizi. Mkulima wa mpakani Busia atasikia pia KK8, KK15 na KK22 za upande wa Kenya, zilizotolewa kwa sababu hiyo hiyo. KK22 ndiyo ile ile RWR 719 kutoka Rwanda, ambayo watafiti wa Uganda pia wameitumia sana kuzalisha aina zinazostahimili *Pythium*. Maharagwe yanayopanda miti nayo huvumilia zaidi, na ni sababu mojawapo yalienea Rwanda na Kigezi (eneo la Kabale), ila hesabu kwanza gharama ya miti ya kuegemeza.

Ushauri wangu: usiache Nambale ghafla, kwa maana soko halisamehe. Panda aina inayovumilia kwenye mabaka, na Nambale kwenye udongo mzuri. Kuvumilia si kutougua.

Chambua mbegu kwa mkono, utupe zilizokunjamana na zenye madoa. Otesha 100 kwenye mchanga. Zikiota chini ya 80, tafuta nyingine. Panda kina cha sentimita 3 hadi 5. Ukizika zaidi, mche hukaa gizani siku nyingi ukiliwa njiani. Nafasi ya sentimita 50 kati ya mistari na 10 kati ya mbegu inatosha kupitisha hewa.

Hatua ya 8: Dawa

Pahali pake ni kwenye mbegu, kabla ya kupanda. Thiram hulinda dhidi ya kuvu kadhaa. Metalaxyl, kati ya vimelea hawa, ni ya *Pythium* peke yake. Ukiinunua kwa ajili ya *Fusarium* umechangia biashara ya mtu. Carboxin hufaa kwa *Rhizoctonia* na *Sclerotium*. Kama ulikuta funza, tafuta dawa ya mbegu iliyochanganywa na ya wadudu. Ulinzi ni wa wiki chache za mwanzo tu. Nunua pakiti iliyofungwa, usikubali ya kupimiwa kwa kijiko. Vaa glavu, na mbegu iliyobaki isiliwe na watu wala kuku. Na ukitumia chanjo ya bakteria wa vinundu, kama ile inayotengenezwa Chuo Kikuu cha Makerere, usiichanganye na dawa ya ukungu kwenye mbegu moja, utawaua uliowanunua.

Hatua ya 9: Jaribu kwa kopo

Fanya hili mwanzoni mwa Februari kwa msimu wa Machi, au mwanzoni mwa Agosti kwa msimu wa Septemba. Tafuta makopo sita uyatoboe chini. Mawili jaza udongo wa baka lenye ugonjwa, mawili udongo wa sehemu nzima, mawili udongo wa baka uliouchemsha kwenye sufuria kuukuu kwa nusu saa kisha ukapoa. Panda mbegu tano za Nambale kila kopo, maana yeye hafichi ugonjwa. Yaweke kivulini penye mwanga, yamwagilie kila siku, udongo ukae umelowa.

Wiki ya tatu, osha mizizi yote uipange juu ya gazeti, makundi matatu. Mizizi ya baka ikiwa ya kahawia na ya udongo uliochemshwa ikiwa meupe, ugonjwa bado uko hai pale. Panda mahindi hapo, upeleke maharagwe upande wa pili.